Benson Wanjau, Aliyetuchekesha kwa Jina la Ojwang

Ndugu msomaji, usiku wa Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, ulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Sisi Waislamu wachache wa hapa Kitengela tulikuwa ndio kwanza tumetoka kuswali tarawehe, na kama ilivyo desturi yangu nilipitia kwenye kibanda cha chai kilichoko kando ya barabara ya Namanga, mahali ambapo upepo wa mbuga za Athi humfanya mtu wa Mombasa ajute kuacha kwao. Mwezi wa Julai huku bara ni baridi, jamani! Hapo nilikuta watu watatu: fundi wa magari ambaye ni Mjaluo wa Siaya, bawabu wa Kimaasai aliyejitanda shuka mbili, na mama mmoja wa Kikamba auzaye mboga. Kijana mwenye chai aliinua macho kutoka kwenye simu yake akatuarifu kwamba Mzee Ojwang amefariki dunia katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi.

Hakuna aliyeuliza ni Ojwang gani. Akina Ojwang wamejaa Kenya nzima, lakini ukisema Mzee Ojwang, hata mtoto hupata picha ya mtu mmoja tu.

Kijana akaendelea kusoma, na hapo ndipo mzozo ulipozuka. Simu ilisema jina la marehemu ni Benson Wanjau. Fundi akaweka spana yake chini. Alishikilia kwamba waandishi wamekosea mtu, kwa kuwa Wanjau ni jina la Kikikuyu, na mzee yule ni wa kwao upande wa ziwani. Tena tangu utotoni alikuwa akisikia kuwa jamaa za mzee wanakaa si mbali na kijiji chao. Yule mama wa mboga akacheka kwa huzuni. Yeye alijua siku nyingi. Mimi nami nilijua, lakini nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilikwisha kuwa mtu mzima mwenye ndevu ndipo nilipojua, na siku nilipoambiwa nilibisha kama alivyobisha fundi.

Basi leo napenda kumzungumzia huyo Benson Wanjau, kwa sababu Ojwang tunamjua sote.

Alizaliwa mwaka 1937, Kenya ikiwa bado koloni la Mwingereza. Televisheni ilipoanza nchini mwaka 1962, Wanjau alikuwa kijana wa miaka 25, na nyumba zilizokuwa na chombo hicho zilikuwa za kuhesabika. Mombasa tulingoja mpaka mwaka 1970 ndipo tukajengewa kituo cha kutufikishia picha kutoka Nairobi. Siku hizo palikuwa na stesheni moja tu, nayo ni Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa jina mwaka 1989 ikaitwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Hakuna aliyeweza kuhama kwenda stesheni nyingine kwa kuwa nyingine haikuwapo. Ya kwanza kushindana nayo, KTN, ilizaliwa mwaka 1990. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Vijana wa leo wenye stesheni mia hawawezi kufahamu nguvu aliyokuwa nayo mcheshi wa zama zile. Alipoonekana yeye, Kenya yote yenye televisheni ilikuwa ikimtazama yeye.

Michezo aliyoigiza ni mingi: Darubini, Vituko, Kinyonga, Vishindo, Vioja Mahakamani, na ule uliomfunika kwa umaarufu, Vitimbi, ulioanza katika miaka ya 1980. Mchezo huu ulipoanza mimi nilikuwa mvulana wa madrasa katika mitaa ya Mji wa Kale, na nyumba yenye televisheni karibu nasi ilikuwa moja tu, ya mzee mmoja aliyekuwa na duka la nguo. Siku ya Vitimbi mlango wake uliachwa wazi. Wakubwa walikaa juu ya viti, akina mama ukumbini nyuma ya pazia, na sisi watoto tukabanana kwenye mkeka, wa mwisho akining'inia kizingitini kama popo. Ustadhi wetu alitukataza. Alitufundisha kwamba kucheka kupita kiasi kunaufisha moyo, na alisema kweli. Lakini zaidi ya jioni moja nilimwona kwa macho yangu amesimama nje ya dirisha la mzee yule, amejifanya anatafuta kitu mfukoni, na kitu chenyewe hakikupatikana mpaka mchezo ulipokwisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Watu wa makamo yangu wakikutana hupenda kushindana kuhusu sinema na michezo ya zamani, kila mmoja akitaja sehemu aliyoipenda zaidi ya mwigizaji wake. Kwa Mzee Ojwang mimi ninazo tatu, na ile ya tatu si wengi wanaoihesabu.

Ya kwanza ni ile ya kusimama mbele ya hakimu katika Vioja Mahakamani. Mchezo huu, kama unavyokumbuka, ulikuwa ni kesi: hakimu, mwendesha mashtaka, mshtakiwa na mashahidi. Sheria ilizungumzwa kwa Kiswahili cha kiofisi, kilichonyooka kama rula, na mshtakiwa alijibu kwa Kiswahili cha mtaani. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wote. Mtu mdogo amesimama mbele ya dola, hana wakili, hana chochote ila ulimi wake, na kwa ulimi huo analizungusha baraza zima mpaka hakimu naye anatafuta mahali pa kuficha uso. Nyinyi mliowahi kuitwa kortini kwa kesi ya kioski au ya baiskeli isiyo na taa mnajua kwamba katika maisha hakuna mcheshi pale kizimbani. Tulipomwona Wanjau akibishana na serikali, nasi tukabishana nayo kwa nusu saa, kisha tukaenda kulala.

Ya pili ni ya mume wa Mama Kayai. Mama Kayai aliigizwa na Mary Khavere, na hao wawili walikuwa kama mwiko na sufuria. Wakikutana lazima pasikike kelele. Ojwang alikuwa mzee mwenye hasira za karibu, mchoyo, mpenda sifa, mwenye kuamini kwamba yeye ndiye bwana wa nyumba, na kila mtazamaji alijua kabla yake kwamba siye. Alipokasirika, miwani yake mikubwa ilimteremka puani akatazama juu yake. Alipopanga hila, alitembea kwa vidole. Na hila ilipofichuka, hakuomba msamaha; alihamisha mazungumzo. Ni wangapi kati yetu, enyi waume, tuliocheka sana kisha tukageuka taratibu kuona kama mke naye anacheka?

Nyanya yangu alilipenda jina la mchezo, kwani vitimbi ni neno letu, na mtu mwenye vitimbi hapo kwetu anajulikana ni wa namna gani. Kilichomchoma ni lugha. Yeye alikuwa mwanamke wa Lamu, mjuzi wa tenzi, na kwake mtu aliyekosea sauti moja ya Kiswahili alikuwa amemkanyaga mguu. Alikuwa akinung'unika kwamba serikali imetoa lugha ya watu, yenye wenyewe, ikamkabidhi mtu wa kuivunjavunja mbele ya watoto. Nadhani malalamiko yake hayakuwa ya bure. Wengi wa Mwambao waliyasema wakati ule na wengine wanayasema hadi leo. Hata hivyo, mchezo ulipofika katikati, nilisikia nyuma ya pazia kicheko kilichobanwa kwa ncha ya leso, nami nilikijua kicheko hicho ni cha nani.

Na sasa sehemu ya tatu, ambayo naiona kubwa kuliko zote. Nayo ni kule kuwa Ojwang kwenyewe.

Tafadhali nivumilie nieleze kidogo mambo ya ndimi. Mjaluo anayejifunza Kiswahili ukubwani husumbuliwa na sauti ya sh, kwa kuwa lugha yake haina sauti hiyo. Kwa hiyo shamba huelekea kuwa samba, na shida huwa sida. Mkikuyu mashaka yake ni mengine kabisa: r na l humpigania kinywani, na ch humgeukia kuwa sh. Hao ni watu wawili wenye makosa mawili yasiyofanana. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ili awe Ojwang ilimbidi kwanza avue lafudhi ya mama yake, asibakize hata chembe, kisha avae ya mama wa mtu mwingine, na ajue si makosa tu, bali ule mwendo wa sauti, pale inapopanda na pale inapojivuta kwa madaha. Tena afanye hivyo mbele ya Wajaluo wenyewe, wiki baada ya wiki, kwa karibu miaka 30. Kumwiga mtu wa kabila jingine kwa dakika tano katika harusi ni jambo ambalo kila mtaa una bingwa wake, na mara nyingi ni dhihaka tu. Lakini wenye lugha yao wakikusikia kwa miaka wakaamini kwamba wewe ni wao, wakakutafutia na kijiji cha kuzaliwa, huko hakuitwi kuiga tena.

Jambo hili hunikumbusha mcheshi wa sinema za Kihindi tuliyempenda sana Mombasa, Johnny Walker. Jina lake hasa lilikuwa Badruddin Kazi, Mwislamu wa Indore, aliyekuwa utingo wa basi huko Bombay kabla ya kuingia katika sinema ya Baazi mwaka 1951. Alipata sifa kwa kuigiza walevi, akachukua na jina la chupa ya ulevi, naye mwenyewe alikuwa haunywi. Alifariki mwaka 2003. Nyanya yangu, aliyekuwa hamsamehi Ojwang kosa la sauti, alimsamehe Johnny Walker ulevi wote baada ya kuambiwa kwamba ni Mwislamu na hanywi. Lau kama mtu angemweleza kwamba Ojwang naye si Mjaluo, na kwamba yale makosa ya Kiswahili yalikuwa kazi ya sanaa iliyopimwa kama dawa, sijui angesemaje. Alifariki bila kujua.

Niliwaahidi kumzungumzia Wanjau, na naona bado namzungumzia Ojwang. Ndivyo alivyokuwa. Hata magazeti yalipomwendea nyumbani yalimwita Ojwang, na barabarani watu walimsimamisha kwa jina hilo. Wengi waliamini kwamba Mama Kayai ni mkewe wa ndoa, na haya yaliwafuata wote wawili maisha yao yote, ilhali kila mmoja alikuwa na nyumba yake.

Mimi nilihamia Kitengela mwaka 1998, nilipopata kazi ya stoo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Wakati huo wazee bado waliuita mji huu Noonkopir, na ng'ombe walipita katikati ya maduka kama wenye mji, na kwa haki walikuwa ndio wenye mji. Kisha mashamba ya Wamaasai yakakatwa viwanja, watu wakamiminika kutoka kila pembe, ploti zikajengwa ukuta kwa ukuta. Katika ploti niliyopanga tulikuwa milango minane na makabila sita. Mwenye mlango wa kulia kwangu alikuwa Mkikuyu, dereva wa lori la mchanga. Wa kushoto alikuwa Mjaluo, mwalimu. Walikuwa marafiki wa kutumana dukani.

Ikaja Desemba 2007 na uchaguzi wake. Sina haja ya kueleza yaliyotokea katika nchi mwanzoni mwa mwaka 2008, sote tulikuwapo. Katika ploti yetu halikurushwa hata jiwe moja, alhamdulillahi, lakini majirani wangu hao wawili waliacha kusalimiana. Mmoja akitoka kuchota maji, mwingine alingoja ndani mpaka asikie ndoo imerudi. Mimi mtu wa pwani nilikuwa katikati, kila mmoja akinipa salamu zake kwa sauti ya chini, kana kwamba nikizipokea za mwenzake zake zitaharibika.

Jioni moja ya mwezi wa Februari umeme ulikuwa umerudi baada ya kukatika, na mimi ndiye niliyekuwa na antena nzuri. Mwalimu aliingia kutazama taarifa ya habari, kwa kuwa wakati huo mazungumzo ya Kofi Annan yalikuwa yakiendelea na kila mtu alikuwa na hofu. Haukupita muda dereva naye akagonga mlango, akamwona mwenzake, akasita, kisha akaketi karibu na mlango kwenye debe la mafuta. Hakuna aliyesema neno. Mara kabla ya taarifa wakaonyesha Vitimbi. Mzee Ojwang aliingia na vishindo vyake, akaanza kugombana na Mama Kayai juu ya jambo ambalo wala silikumbuki. Nilisikia dereva akipumua puani kama mtu anayezuia kikohozi. Mwalimu alikuwa ametazama chini, mabega yanatikisika. Kisha wote wawili wakacheka kwa sauti, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Mimi peke yangu katika chumba kile nilikuwa nafikiri juu ya Wanjau. Mkikuyu huyu yuko mahali fulani Nairobi usiku huu, na nusu ya nchi inadhani ni Mjaluo. Akiingia katika mtaa usio wake, watamhukumu kwa jina lipi? Nilitaka kuwaambia majirani zangu. Neno lilifika ulimini. Nikaogopa kwamba nikilisema, mmoja atadhani nampigia debe mtu wake, na mwingine atahisi ameibiwa mzee wake. Nikanyamaza, nikawatilia kahawa. Taarifa ilipokwisha waliondoka, mmoja kwanza, na wa pili baada ya kitambo. Kabla ya mwaka kufika nusu mwalimu alikuwa amehama. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema kunyamaza.

Ya mwisho wa maisha yake yanasikitisha, nami nitayapitia upesi. Macho yalimtoka nguvu, akafika mahali pa kushikwa mkono, na ilijulikana kwamba mtu aliyechekesha nchi kwa miaka yote hiyo hakuwa na akiba ya kujitibu. Wananchi walichangishana ili apate matibabu. Wapo waliojifakhiri kwa michango hiyo. Mimi niliona haya, kwa sababu tulikuwa tukimlipa deni wala si sadaka, tena deni lililokwisha kuchacha. Mwigizaji wa wakati ule alilipwa kidogo, mchezo ukaoneshwa, ukarudiwa, watoto wa wale waliocheka kwanza nao wakacheka, na yeye yuko nyumbani anahesabu sarafu za daladala, au matatu kama tunavyoyaita. Fundi cherehani akishona kanzu anaweza kuishika akasema hii ni yangu mpaka ilipwe. Mcheshi atashika nini?

Alipofariki, viongozi walituma salamu za rambirambi, redio zikazungumza juu yake siku kadhaa, na mwezi huohuo wa Julai akazikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi. Alikuwa na miaka 78.

Nirudi kibandani. Fundi wa Siaya alikataa kushindwa usiku ule. Alipiga simu kwao, akazungumza kwa Kijaluo kwa muda mrefu, akakata, akapiga nyingine. Hatimaye alirudi akakaa. Alitueleza kwamba huko nyumbani wamethibitisha habari ya kifo, na kwamba kuhusu lile jambo la jina, mama yake amesema kwamba mtu aliyesema lugha ya watu namna ile watu hao wana haki ya kumlilia, na habari nyingine hataki kuzisikia. Bawabu wa Kimaasai, ambaye hakuwa amesema lolote, aliuliza kama Mama Kayai yuko hai. Tukamjibu kwamba yuko hai. Akatikisa kichwa, akajikunja ndani ya shuka zake.

Nilipofika nyumbani niliona ni wakati wa kumpigia shangazi yangu Mombasa, kwani mwezi wa Ramadhani halali mpaka daku. Alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa ametengeneza kaimati, akasema zimemshinda kula. Jambo lililomshughulisha ni Mama Kayai, maskini, atakaa eda na nani, na kama ana dada au binti wa kumpikia siku hizo zote.

Nikamweleza taratibu kwamba hao hawakuwa mume na mke, ilikuwa ni mchezo tu, na kwamba marehemu amemwacha mkewe mwingine, wa kweli, nyumbani kwake. Shangazi alinyamaza kwa muda, nikasikia feni yake ikizunguka. Kisha akanituma, kwa kuwa mimi niko huko karibu na Nairobi, nikipata njia ya kufikisha salamu zake za msiba, nizipeleke nyumba zote mbili.